Kastadi ya Saa Kumi

Kastadi ya mama yangu haikutoka kwenye kopo. Nalisema hilo mapema kwa sababu siku hizi ukimtajia mtu kastadi anawaza ule unga wa njano wa mwezi wa Ramadhani, unaokorogwa na maziwa mpaka unaganda na kukatwa kwa kisu. Ya mama ilikuwa ya kumimina. Viini vya mayai, maziwa, sukari, matone machache ya vanila, basi. Ukimtajia iliki alikuwa anakuuliza kwani unapika chai. Ilishuka kutoka kwenye jagi taratibu, ikafunika ndizi mbivu za kuchemsha au kipande cha mkate wa kumimina, ikatuama pembeni mwa sahani ikisubiri kijiko. Aliijulia Posta, kwenye kantini ya ofisi moja alikopika tangu ujana wake, na nyumbani kwetu Kariakoo bila hiyo hatukuhesabu kwamba Idi imefika.

Nilijifunza kwa kusimama ubavuni mwake na kufokewa. Maziwa yapate moto lakini yasichemke. Viini vipigwe na sukari mpaka vipauke. Halafu maziwa yamiminwe juu ya viini kidogo kidogo, mkono mmoja unamimina na mwingine unapiga, maana ukifanya pupa mayai yanaiva, kastadi inakatika, na ikishakatika haina dawa. Inarudi motoni, moto mdogo kabisa, mwiko unazunguka bila kupumzika. Kipimo chake ni mgongo wa mwiko. Unauinua, unapitisha kidole katikati, na ule mstari wa kidole ukibaki wazi bila kufunikwa, unaepua hapo hapo. Ukichelewa kidogo tu umeharibu. Mama alinifokea kwa ajili ya hicho kidogo miaka mingi, nami nilikuwa namjibu, maana mdomo wangu haujawahi kuwa na breki.

Mwaka juzi mama akapata kiharusi. Kilichukua upande wote wa kulia, kikachukua na maneno. Mwanamke ambaye akiita mtu uani watu wa mtaa wa pili waligeuka, alibaki na macho tu. Hospitali walimpitishia mpira puani wa kumlishia. Aliuchomoa mara mbili kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, na mara ya tatu wakaufunga mkono huo kwenye chuma cha kitanda kwa bandeji. Alinitazama siku ile akiwa amefungwa. Sijui alikuwa ananiambia nini, lakini nilitoka nje nikalia kwenye ngazi mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefiwa.

Alipokuwa anaruhusiwa, dada mmoja pale hospitali, mtaalamu wa kumeza, alinikalisha akanifundisha. Maji, chai, supu, vyote ni hatari, vinakimbia kabla koo halijajiandaa. Atapaliwa, na akipaliwa chakula kinaingia mapafuni. Wali na ugali usiguse. Anatakiwa apewe kitu kilaini, chenye uzito wa kushuka polepole. Alichota kwa kijiko kitu chake fulani alichokikoroga kwenye kikombe, akakiinamisha, akanionyesha kinavyotakiwa kuteremka.

"Dada, kwetu hiyo ni kastadi," nikamwambia.

"Ya mayai na maziwa? Basi mpe hiyo hiyo. Vibakuli vitatu kwa siku, ukiweza vinne. Mrudi baada ya wiki tatu nimpime uzito. Akiwa ameshuka tena, mpira unarudi."

Nikaondoka na maneno hayo kichwani. Wiki tatu. Uji alikuwa anautema, viazi vya kuponda anatema, lakini siku ya kwanza nyumbani nilimpa kastadi akamaliza nusu bakuli, macho kayafumba. Nikaona tumeshinda.

Nyumba yetu ni ya zamani, vyumba sita, korido katikati na ua nyuma. Imebaki peke yake. Kulia ghorofa, kushoto ghorofa, nyuma ghorofa jingine linajengwa. Jua linaingia uani saa sita na kitu, na saa saba halipo. Vyumba vya mbele tumewapangisha wafanyabiashara wa nguo, nao wanaweka koridoni masanamu yao ya kuvalisha magauni, yamefungwa nailoni, mengi hayana vichwa. Kutoka jikoni mpaka chumbani kwa mama lazima uyapite. Nje mtaa mzima unapiga kelele, vipaza sauti vinatangaza bei, wabeba mizigo wanaomba njia, mabasi ya mwendokasi yanapita kule barabarani. Ukiingia ndani, hatua kumi tu, kelele yote inabaki mlangoni na saa tisa mchana unawasha taa. Nimezaliwa humo, nimeolewa nikatoka, nimeachika nikarudi na wanangu, na sikuwahi kuogopa kitu ndani ya nyumba ile.

Kuna jambo moja la kueleza kuhusu ulishaji wenyewe. Ule mkono wa kushoto haukutulia. Nikileta kijiko unakinyakua, nikileta bakuli unaingia ndani ya bakuli. Kastadi ikamwagika kifuani, nikambadilisha nguo mara mbili kwa siku moja. Nikaona isiwe tabu. Nikawa naulaza ubavuni, naufunika khanga, na upindo wa khanga naubana chini ya godoro, nauacha hivyo mchana kutwa. Sikuona vibaya. Sisi tumelelewa hivyo, mkono wa kushoto hauendi kwenye chakula, na mama mwenyewe ndiye aliyekuwa ananichapa vidole nikiupeleka kwenye sinia. Nilijiona namtunzia adabu yake.

Siku ya nne ilikuwa baada tu ya adhana ya alasiri. Nilikuwa nimetoka jikoni na bakuli la moto, nimeyapita masanamu, nimefika mlangoni kwa mama. Nikasimama.

Mama alikuwa ameegemea mito nilivyomwacha, lakini kichwa amekigeuza kushoto, kwenye pembe iliyo kati ya kabati na ukuta. Pale palikuwa na kiti cha plastiki, kitupu. Kinywa chake kilikuwa wazi. Hakuwa anapiga mwayo. Kilifunguka polepole, kikasubiri, kikajifunga. Taya zikacheza kidogo. Nikaona koo linapanda na kushuka. Halafu kikafunguka tena.

Nilihesabu mara saba. Bakuli liliniunguza vidole na sikuliweka chini.

"Mama?" nikaita.

Aligeuka akanitazama vile mtu anavyomtazama aliyemkatiza mazungumzo. Nikakaa kitandani, nikachota, nikapeleka kijiko. Akabana midomo. Nikambembeleza, nikamwimbia, nikamtania kwamba hata mimi siku hizi sikosei kipimo. Midomo ilibaki imebanwa. Alikuwa na sura ya mtu aliyeshiba. Kastadi ikapoa ikaota utando, nami nikaila mwenyewe jikoni kwa hasira.

Nikajiambia ni ubongo. Mtu aliyepata kiharusi hufanya mengi, wengine wanacheka misibani. Lakini kesho yake, saa kumi, tena. Kesho kutwa yake, tena. Asubuhi alikuwa akinywa vijiko vitatu vinne kwa kulazimishwa, na jioni hataki kabisa. Ni saa kumi tu ndipo kinywa kilipofunguka vizuri, kipana, kwa hamu, na hakikuwa kinafunguka kwa ajili yangu.

Nikakitoa kile kiti. Nilikikokota mpaka uani nikakipindua juu chini. Saa kumi nikajibanza mlangoni kuangalia. Mama akageuza kichwa kwenye ile pembe, akatafuta. Halafu macho yakashuka. Yalishuka mpaka chini, kwenye mkeka, yakatua kwenye kimo cha goti langu, na kinywa kikafunguka. Nikawaza, nimemnyang'anya mgeni kiti, amekaa chini. Nikajitukana kwa kuwaza hivyo.

Uzito wake nilikuwa naupimia bangili. Ni bangili ya fedha iliyo kwenye mkono wa kulia, huo uliokufa, haijawahi kuvuliwa tangu namjua. Tulipotoka hospitali ilikuwa inasimama katikati ya mkono kuelekea kiwiko. Wiki ya kwanza ilipoisha niliweza kuisukuma mpaka kwenye kiwiko chenyewe. Wiki ya pili ilipoanza, ikapita.

Jirani yangu, mwanamke wa rika langu anayepika chapati nyumba ya pili, alikuwa anakuja kunisaidia kumgeuza mama asije akapata vidonda vya mgongo. Siku moja alichelewa, akafika saa kumi. Aliingia akicheka habari za mteja wake mmoja, kicheko kikamkatikia mdomoni. Tulisimama wote wawili tukimtazama mama akifungua kinywa, akifunga, akimeza.

"Shoga, hii imeanza lini?"

"Ugonjwa tu huo."

"Ugonjwa gani? Huyu analishwa." Alisema kwa sauti ya chini kabisa, huku amenishika kiwiko. "Waliotangulia wanamlisha. Ndiyo maana chako hakimpiti. Bibi yangu alikuwa hivi hivi, anatafuna hewa, ukimpa uji anakataa. Hakumaliza siku kumi."

Nikamwambia atoke na habari zake za kutisha watu. Akavaa ndala zake taratibu, hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia hofu.

"Nifukuze, sawa. Lakini mjue ni nani. Umtengee na yeye chake, ale, aende zake. La sivyo anaondoka naye."

Mimi si mtu wa majini wala mizimu. Nimeuza vitenge miaka kumi na tano mtaani, nimeogopa moto wa dukani na mgambo, basi. Lakini kesho yake nilimimina vibakuli viwili, huku nikijisonya mwenyewe. Cha pili nilikiweka kwenye mkeka, pale kwenye pembe. Mama alipokiona alitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue, nusu ya uso ikapanda na nusu ikabaki, na tabasamu lile halikuwa langu. Alitabasamia mkeka. Halafu akaanza, kufungua na kufunga, na changu hakukigusa.

Nilitoka nikafunga mlango kwa nje, nikaenda kuswali, nikaanika nguo. Niliporudi mama alikuwa amelala. Kile kibakuli kilikuwa pale pale. Kastadi ilikuwa imeota utando mzuri juu, wa kung'aa, ila upande mmoja, ukingoni, palikuwa na mfereji. Mfereji mmoja, mwembamba, umepita kwenye utando mpaka chini, kama mtu amechovya kidole akakivuta. Haukuwa umejifunika.

"Paka," nikasema kwa sauti, peke yangu.

Dirisha lina wavu. Mlango niliufunga mwenyewe, na wanangu walikuwa hawajarudi shule. Na paka gani anayekula kwa kidole kimoja, tena chembamba hivyo? Nikaweka kidole changu juu ya ule mfereji, nikaona changu ni kinene mara mbili. Nilikwenda kumwaga kibakuli kile kwenye mfereji wa maji machafu, nikakisugua kwa jivu, na sikukitumia tena mpaka leo. Kipo juu ya kabati la vyombo, kimefunikwa.

Nina hasira, wote wanaonijua watakwambia. Hofu ikinizidi inageuka hasira. Siku iliyofuata saa kumi mama alipogeuza kichwa, nilikwenda nikasimama katikati yake na ile pembe, nikaipa pembe uso wangu, nikafoka. Nilisema mambo mengi. Nilisema mwache mama yangu, umemkuta na wenyewe, kama una njaa katafute kwenu. Nilisema sijui wewe ni nani na sitaki kukujua. Sauti yangu ilitoka mpaka koridoni, nikasikia mmoja wa wapangaji anauliza kuna nini.

Nilipogeuka mama alikuwa analia. Machozi yalikuwa yanamshuka machoni kote, jicho zima na jicho lililolegea, bila sauti. Aliyatoa macho kwangu akayapeleka kwenye mkeka, akayarudisha kwangu, na mdomo ukawa unatetemeka ukitafuta neno ambalo halipo. Nilitamani ardhi inimeze. Jioni ile hakula kitu chochote, na kesho yake alikunywa vijiko viwili tu. Zilibaki siku sita tumrudishe akapimwe.

Nikampigia simu mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, anayekaa Lindi. Sikumweleza habari za pembe. Nilimwambia tu dada yako anaisha. Kesho yake jioni alikuwa ameshuka basi, kesho kutwa yake nilimkuta ameketi miguuni mwa kitanda, ushungi kaurudisha nyuma, anamkanda dada yake nyayo na kumsimulia habari za nyumbani kana kwamba anajibiwa.

"Shikamoo mama mdogo. Umelala salama?"

"Marahaba mwanangu. Nimelala. Umekonda na wewe, hili ni shindano?"

Saa kumi ilipokaribia nilianza kuhangaika. Nilileta bakuli, nikakaa, nikawa natazama vidole vyangu. Adhana ikaisha. Mama akageuka kwenye pembe, macho yakashuka kwenye mkeka, kinywa kikafunguka. Nikasubiri mama mdogo apige kelele, au aanze kusoma, maana ni mtu wa dini sana. Hakufanya lolote. Alimtazama dada yake muda mrefu, halafu akatazama khanga.

"Huo mkono umeubania nini?"

Nikamweleza. Unanyakua, unamwaga, halafu ni wa kushoto.

"Hebu ufungue."

Nikauchomoa upindo chini ya godoro, nikaifunua khanga. Mkono wa mama ulikuwa unatembea. Vidole vitatu vimekutana kwenye ncha, vimebana kitu kisichokuwepo, vinainuka kutoka pajani, vinakwenda upande wa pembe, vinasimama hewani. Vikisimama, kinywa cha mama kinafunguka. Vikishuka, kinywa kinafunga, naye anameza. Vinateremka pajani, vinachota, vinapanda tena.

Siku zote zile mkono ulikuwa unafanya hivyo chini ya khanga niliyoibana mwenyewe.

"Huyu halishwi, mwanangu," mama mdogo akasema. "Analisha."

"Sielewi."

"Wewe umelea wawili. Ulipokuwa unawapa uji, kinywa chako kilikuwa kimefungwa?"

Nikakumbuka. Nikajikumbuka nimekaa uani na kikombe cha uji, nimeachama mwenyewe kuliko mtoto, nikimeza mate yangu kila akimeza. Wenzangu wa dukani walikuwa wananicheka. Kila mama anafanya hivyo na hakuna anayejijua.

"Analisha nani?" nikauliza. Nilikuwa nimekwisha jua kimo chake.

Mama mdogo alikifunga kifungo cha gauni la mama kilichofunguka, akamfuta mdomo.

"Kabla yako alikuwepo mwingine. Wa kike. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika kabati, hili hapa. Surua ilimpata ikamwachia vidonda vya mdomo, akakataa ziwa, akakataa kila kitu. Mama yako ndiyo kwanza ameanza kazi kule Posta. Akawa anarudi na kastadi kwenye kopo la maziwa, akifika saa kumi anakaa naye hapo chini kwenye mkeka. Hakupenda kijiko, kijiko kilimuumiza. Alimlisha kwa kidole. Ndicho kitu pekee alichokuwa anapokea. Siku nyingi tu, mpaka tukadhani amepona."

"Halafu?"

"Halafu siku moja hakufungua kinywa. Mama yako alikaa naye mpaka magharibi, anamsubiri afungue."

Koridoni nailoni za masanamu zilipapasana, nadhani mtu alikuwa anapita. Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Miaka yote hiyo nilijiita kifungua mimba, nikajivunia, nikawatambia wadogo zangu wa kiume nao wakaamini. Hakuna aliyewahi kunikosoa. Nilimkasirikia mama, kusema kweli. Nilimkasirikia akiwa amelala pale hajiwezi, kwa kunificha, na kwa kwamba katika watu wote wa kubaki nao kichwani mwake alikuwa amemchagua yule.

"Ungeniambia," nikasema.

"Aliniapisha. Alisema atakayezaliwa asije akakua anajiona amekalia nafasi ya mtu."

Nilimuuliza mtoto yule alikuwa anaitwa nani. Akanitajia. Sitaliandika hapa.

Kesho yake nilipika kastadi kwa mayai ya kienyeji, nikasimama kwenye mwiko mpaka mstari wa kidole ukabaki. Nikaipoza. Mama mdogo alimwinua mama, tukamketisha chini kwenye mkeka, mgongo kwenye kitanda, mito pande zote. Niliuosha ule mkono wa kushoto kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kidole kwa kidole. Nikaweka bakuli mapajani mwake na mkono sikuubana kwa kitu.

Halafu nikaenda kukaa kwenye pembe. Nakiri nilisita. Nilisimama mbele ya sehemu ile tupu ya mkeka, mtu mzima na makalio yangu, nikaona aibu kukaa bila kuomba radhi. Nikasema "samahani" kimoyomoyo, nikakaa. Palikuwa padogo. Nikajikunja, magoti kifuani, mpaka uso wangu ukawa kwenye kimo kile.

Adhana ya alasiri ikaisha. Mama akageuka. Alinikuta pale, akakunja nusu ya paji la uso, akachungulia ubavuni mwangu, kwenye nafasi ya kiganja kimoja iliyobaki kati yangu na kabati. Nikajibana zaidi ukutani. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Kisha macho yake yakarudi kwangu yakatulia. Mkono ukashuka kwenye bakuli, kidole kimoja kikachovya, kikaja kinatetemeka, kinadondosha kwenye mkeka, kwenye gauni langu, kikafika mdomoni kwangu.

Nilifungua. Kidole kilikuwa cha moto, na kastadi ilikuwa tamu kuliko nilivyoipika. Mama akaachama pamoja nami, akameza pamoja nami. Mara ya pili. Mara ya tatu. Mara ya nne alipoachama nilikuwa nimeshika kijiko tayari, nikafanya walivyokuwa wakifanya wanangu walipokuwa wadogo, mtoto anapoamua na yeye amlishe mama. Nikakipeleka. Akafunga midomo juu yake. Nikaona koo linapanda na kushuka, na safari hii lilikuwa limeshusha kitu. Mama mdogo aliangua kilio huku ameziba mdomo kwa ushungi.

Tukaenda hivyo, kidole chake, kijiko changu. Robo ya bakuli. Nusu. Ilipofika nusu mama alisimamisha kidole hewani, kastadi inatiririka kwenye mkono mpaka kiwikoni. Uso wake ulikuwa unahangaika, shingo imekaza, nikadhani anapaliwa. Hakuwa anapaliwa. Alikuwa anasukuma neno. Lilitoka limekwaruzika, la kwanza tangu siku ile ya kiharusi, na lilikuwa jina zima, silabi zote, wala hapakuwa na namna ya kukosea.

Halikuwa langu.

Kidole kilibaki pale pale kinasubiri. Aliniangalia kwa furaha ambayo sijawahi kuangaliwa nayo na mtu yeyote, na nilijua kwamba nikinyamaza, mkono utashuka, na siku tatu mbele kuna mpira na bandeji ya kufungia. Nilijua pia kwamba nikiitika nimejifuta. Moyo uliniuma mno, uliniuma kitoto, nikataka kumwambia mama, mimi hapa, yule wa mdomo, yule uliyemchapa vidole.

"Abee mama," nikasema.

Akafungua kinywa. Tulimaliza bakuli.

Siku ya kupimwa hakuwa ameshuka, alikuwa amepanda kidogo, na yule dada wa hospitali akanisifu kwa kastadi yangu. Maneno mengine yamerudi tangu hapo, machache, ananiomba maji, anamwita mama mdogo kwa jina kwenye simu, jirani anamtania naye anacheka. Langu hajalitaja mpaka leo. Kila siku saa kumi ananiita kwa lile jingine, nami naitika, na anakula.